Kabla Hujapuliza Mashine: Mazungumzo Kuhusu Kipimo cha Pumzi

  

Leo tuzungumze juu ya pumzi. Na hasa tuzungumze juu ya kile kipimo ambacho mgonjwa wa kifua huambiwa: "Njoo Jumatano, utapuliza mashine." Basi, maelezo yameishia hapo. Mgonjwa anarudi nyumbani na karatasi yake. Jumatano anaamka alfajiri, anapanda magari mawili, anakaa foleni, zamu yake inafika. Anaulizwa: "Mama, umevuta pampu leo?" Anajibu, "Ndiyo, nimevuta saa kumi na mbili, nilikuwa nimebanwa kidogo." Anaambiwa, "Basi leo haiwezekani. Rudi wiki ijayo."

Nauli imekwenda. Siku ya biashara imekwenda. Jibu halijapatikana. Na kosa ni la nani? Mimi nasema si la yule mama. Hakuambiwa. Angejuaje?

Ndiyo maana leo nina neno moja, na nitalirudia mpaka ulishike. Siku unapopewa tarehe ya kipimo cha pumzi, usinyanyuke kitini kabla ya kuuliza maswali matatu. La kwanza: dawa zangu zipi nisizitumie kabla ya kipimo? La pili: niziache kwa saa ngapi? La tatu: nikibanwa kabla sijafika, nifanye nini? Dawa zipi, saa ngapi, nikibanwa je. Tuko pamoja?

Sasa tuelezane kipimo chenyewe. Wataalamu wanakiita spirometria, na mashine yake spirometa. Unavuta hewa mpaka kifua kijae, unaweka mdomo kwenye bomba, kisha unaitoa hewa yote kwa nguvu na kwa haraka mpaka iishe. Mashine inaangalia mambo mawili makubwa: hewa yote uliyoitoa ni kiasi gani, na kiasi gani kimetoka katika ile sekunde 1 ya kwanza. Mtu ambaye mirija yake ya hewa iko wazi hutoa sehemu kubwa ya hewa yake, robo tatu au zaidi, ndani ya sekunde hiyo moja. Mwenye pumu, siku ambayo mirija yake imevimba na kujikaza, hawezi. Hewa ipo kifuani, lakini inatoka kwa kusuasua.

Halafu inakuja sehemu ya pili, na hapa ndipo penye siri ya maandalizi yote. Ukishapuliza mara ya kwanza, unapewa dawa ya kufungua mirija, salbutamol, ile ambayo wengi wetu tunaijua kama pampu ya bluu. Kwa kawaida unavutishwa mara 4, moja baada ya nyingine. Unakaa kama dakika 15, kisha unapuliza tena. Kama hewa sasa inatoka vizuri zaidi kwa tofauti kubwa, daktari amepata ushahidi mzito kwamba tatizo ni pumu, kwa sababu tabia ya pumu ni hiyo: mirija hubana, na hufunguka.

Unaona sasa kwa nini yule mama alirudishwa? Alifika mirija ikiwa imeshafunguliwa na pampu ya asubuhi. Ni kama kumwita fundi aje aone paa linapovuja, nawe umeshaliziba kabla hajafika. Mashine ingesema "huyu hana neno", na yeye usiku uleule angekesha ameketi kitandani anatafuta hewa.

Kwa hiyo, dawa. Tulia na mimi hapa, maana hapa ndipo wengi wanapoharibikiwa. Pampu ya kutuliza haraka, yaani salbutamol, kwa kawaida huachwa saa 4 hadi 6 kabla ya kipimo. Zipo pampu zenye dawa za kufungua mirija kwa muda mrefu, kama formoterol na salmeterol. Hizo huachwa kama saa 24. Nyingine, kama tiotropium, huhitaji muda mrefu zaidi, siku moja na nusu hadi mbili. Na pampu yenye steroidi peke yake, ile ya kuzuia pumu isianze, kwa kawaida haiachwi. Endelea nayo.

Lakini subiri, usikimbilie kuacha chochote kwa sababu umenisikia redioni. Pampu nyingi za siku hizi zina dawa mbili ndani ya kopo moja, ya kuzuia na ya kufungua. Wengine wanatumia vidonge vya aminofilini au vya salbutamol. Na wakati mwingine daktari anataka kuona jinsi dawa inavyokusaidia, si kujua kama una pumu. Hapo atakwambia utumie dawa zako zote kama kawaida. Jibu lako wewe analo anayekutibu. Ndiyo maana nikasema maswali ni matatu, na tunarudi palepale: dawa zipi, saa ngapi, nikibanwa je.

Nalo lile la tatu, nikibanwa je, nataka ulisikie hata kama mengine yote utayasahau. Ukibanwa, vuta pampu yako. Usiku wa kuamkia kipimo, ndani ya daladala, mlangoni pa hospitali, popote. Vuta. Kisha angalia saa, na ukifika sema: "Nimevuta saa fulani, mara kadhaa." Kipimo kitapangwa siku nyingine au daktari ataamua namna ya kukisoma. Hakuna kipimo duniani kinachostahili mtu akae anahema huku dawa iko mfukoni. Na ukiona mtu hawezi kumaliza sentensi bila kukatwa na pumzi, midomo inageuka rangi, au ngozi ya kati ya mbavu inazama ndani kila anapovuta hewa, hiyo si habari ya miadi tena. Mpeleke sehemu ya dharura upesi, mkiendelea kumvutisha pampu njiani.

Tuje kwenye asubuhi yenyewe. Ule nini? Kula, usiende na njaa, lakini kidogo. Sahani ya ugali iliyojaa inasukuma tumbo juu, na mapafu yanakosa nafasi ya kujaa. Chakula kizito kiwe kimepita saa 2 hivi kabla. Kahawa je? Rafiki zangu wa kahawa chungu ya barazani mtanisamehe: kahawa hufungua mirija kidogo kwa saa chache, hivyo asubuhi hiyo iache, na chai ya majani iliyokolea pia. Kunywa maji au uji. Pombe isiwe imeonjwa kwa angalau saa 8. Sigara na shisha, wataalamu wanasema angalau saa 1 kabla. Mimi nasema siku hiyo usiguse kabisa, na kama unaumwa kifua, nakuomba uanzie siku hiyo kuacha moja kwa moja. Usikimbie, usipande ngazi kwa kasi, usitoke kwenye mazoezi ukaingia kwenye kipimo. Fika mapema ukae, moyo utulie.

Na akina mama wa Pwani, hili ni lenu hasa. Asubuhi ya kutoka tunapenda kujifukiza udi, tunajipulizia manukato, nguo zinakuwa na harufu nzuri. Kwa mtu mwenye pumu, moshi huo unaweza kubana kifua kabla hujatoka mlangoni. Siku ya kipimo, udi upumzike. Dawa ya mbu ya kuchoma nayo isiwake chumbani usiku huo, tumia chandarua. Na kama nyumbani mnapikia kuni au mkaa, mwingine ndani ya nyumba akukokee moto asubuhi hiyo. Hilo si deko, ni sehemu ya kipimo.

Mavazi? Chochote kinachobana kifua au tumbo kitakupunguzia pumzi na kuidanganya mashine. Mkanda uliokazwa, sidiria ya kubana, gauni lililoshonwa kwa mwili, kanga iliyofungwa kiunoni mara mbili. Vaa kitu kilichoachia.

Ukifika utapimwa urefu, na hapa watu hushangaa: nimekuja kupimwa mapafu, wanapima kimo cha nini? Jibu lina umri mrefu. Mwaka 1846, daktari mpasuaji wa Kiingereza, John Hutchinson, alitangaza London matokeo ya mashine yake ya kupima pumzi baada ya kuwapima watu zaidi ya 2,000: mabaharia, polisi, wazima moto na wengine wengi. Aliona kwamba kadiri mtu anavyokuwa mrefu, ndivyo hewa anayoweza kuitoa inavyoongezeka. Mpaka leo mashine inalinganisha pumzi yako na ile inayotarajiwa kwa mtu wa urefu wako, umri wako na jinsia yako. Basi vua viatu. Vua kilemba au kofia. Na nywele zilizosukwa zikasimama juu, au wigi, mwambie mpimaji, asije akakuongezea sentimita ambazo si zako.

Umri nao ni vivyo hivyo. Wazee wetu wengine wanajua tu kwamba walizaliwa mwaka wa njaa fulani, au wakati wa Uhuru. Kama ni hivyo, kaa na wanao kabla ya siku ya kipimo mkadirie mwaka vizuri. Usijipunguzie miaka pale mbele ya muuguzi. Ukijipunguzia miaka 15, mashine itatarajia upulize kama kijana, kisha itakuandika mgonjwa kuliko ulivyo.

Kuna jambo hapa linanigusa, niruhusu nilitaje. Kwa miaka mingi mashine hizi ziliuliza pia mtu ni wa rangi gani, na mtu mweusi alipunguziwa kiwango anachotarajiwa kufikia, kana kwamba ni kawaida yake kuwa na mapafu madogo. Maana yake ni kwamba mtu mweusi aliyekuwa na mapafu yaliyopungua nguvu aliweza kuambiwa yu salama. Mwaka 2023 chama cha wataalamu wa mapafu cha Marekani, American Thoracic Society, kilishauri mpango huo uachwe, itumike hesabu moja kwa watu wote. Huo ni uamuzi wa haki, na umechelewa. Ukikuta mashine bado inauliza, una ruhusa ya kumwuliza daktari wako anatumia hesabu ipi.

Haya, umeketi kwenye kiti. Unabanwa pua na kibanio kidogo ili hewa isipite huko. Kaa wima, miguu sakafuni. Midomo izingire bomba, pasiwe na upenyo, ulimi usizibe. Meno ya bandia yaliyokaa imara yaache kinywani, maana yanaisaidia midomo kushika, yanayocheza yatoe. Vuta hewa mpaka isiingie tena, halafu bila kuchelewa, itoe kwa kishindo! Na usiache. Mpimaji atakuwa anakuhimiza kwa sauti, "Endelea, endelea, endelea!" Usidhani anakugombeza. Kazi yake ni kukutia moyo, kwa sababu kipimo hiki hakifanani na kutolewa damu, ambapo unanyoosha mkono ukaangalia pembeni. Hapa usipotia bidii, hakuna majibu.

Utapuliza si chini ya mara 3, pengine zaidi, mpaka zipatikane mbili au tatu zinazokaribiana. Unaweza kukohoa, unaweza kusikia kizunguzungu kidogo. Sema, upumzishwe, uendelee. Mate yakidondoka, yadondoke. Hapo hakuna wa kukucheka. Na akina mama mliojifungua, au wazee wenye shida ya kibofu, nendeni haja ndogo kabla, maana kule kupuliza kwa nguvu kunaweza kumtoa mtu mkojo kidogo. Wengine hupuliza nusu nusu kwa kuogopa hilo, na majibu yanaharibika kwa jambo ambalo lingemalizwa na safari moja ya chooni.

Je, kuna wasiotakiwa kupuliza kwa sasa? Wapo. Uliyefanyiwa upasuaji wa jicho, kifua, tumbo au kichwa siku za karibuni, uliyepata shambulio la moyo, unayekohoa damu, uliyewahi kuambiwa pafu limetoboka na hewa kuvujia kifuani: sema kabla hujakaa kwenye mashine. Na hili la kifua kikuu tuliseme wazi. Kama umekohoa wiki 2 au zaidi, unatoka jasho usiku, unakonda, pima kwanza makohozi. Kupuliza kwa nguvu ndani ya chumba ukiwa na TB kunaweza kuwaambukiza wengine. Na kama uliwahi kuugua TB ukapona, usifiche. Ugonjwa ule huweza kuacha makovu mapafuni, na makovu hayo hubadili namna unavyopumua. Daktari asiyejua hilo anaweza kukuita mwenye pumu miaka yote.

Beba na dawa zako zote, mfuko mzima. Za presha, za moyo, hata matone ya macho. Kwa nini macho? Kwa sababu matone ya timolol, anayopewa mgonjwa wa presha ya macho, na vidonge kama propranolol, vinaweza kubana mirija ya mwenye pumu. Mzee anaweza kuhangaika na kifua mwaka mzima, kumbe chanzo ni kichupa kidogo kilicho kando ya kitanda.

Watoto? Wengi wa miaka 5 au 6 kwenda juu wanaweza, wakifundishwa kwa upole. Nyumbani mfanye mchezo: apulize kipande cha karatasi juu ya meza kwa pumzi moja ndefu. Mwambie ukweli kwamba hakuna sindano. Usimtishe.

Ndugu zangu Waislamu, tarehe ikiangukia Ramadhani, jua mapema kwamba katikati ya kipimo utavutishwa dawa. Wanazuoni wana kauli tofauti kama pampu inafunguza au la. Muulize sheikh unayemwamini, au omba tarehe ya baada ya Idi kama hali inaruhusu kungoja. Lakini dawa ya kila siku usiiache kwa kunyamaza. Mgonjwa amepewa ruhusa ya kufungua na kulipa siku nyingine.

Najua kuna anayenisikiliza akiwa mbali, na hospitali yenye spirometa iko mkoa mwingine. Kwako kipo kifaa kidogo cha plastiki, mita ya pumzi, cha kushika mkononi. Unasimama, unavuta hewa, unapuliza mara moja kwa kishindo, mshale unasogea. Fanya mara 3, andika kubwa kuliko zote. Asubuhi na jioni, kwa wiki 2, kwenye daftari. Namba zikipanda na kushuka sana kati ya asubuhi na jioni, hiyo ni dalili ya pumu, na daftari hilo daktari atalisoma kama ushahidi. Uliza kituo chako cha afya au duka kubwa la dawa.

Na majibu yakitoka mazuri? Furahi, lakini usitupe pampu. Pumu huja na kuondoka. Kipimo cha siku ambayo kifua kimetulia kinaweza kuwa safi kabisa, na mtu bado ana pumu. Kama usiku unakohoa, kifua kinapiga filimbi, vumbi likikugusa unabanwa, rudi useme hivyo, upimwe siku ya dalili. Omba nakala ya karatasi yako ya majibu na uipige picha kwa simu, maana karatasi za mashine nyingine hufifia wino. Mwakani daktari atataka kulinganisha.

Namalizia kwa ninyi mnaotoa tarehe: wauguzi, makarani wa kliniki, madaktari. Najua foleni ni ndefu na mnachoka. Lakini mnapoandika tarehe kwenye kadi ya mgonjwa, geuzeni kadi hiyo, nyuma yake andikeni kwa mkono: dawa za kuacha, saa za kuacha, na maneno haya, "ukibanwa, vuta pampu yako". Kama hajui kusoma, mwambieni kwa mdomo, ayarudie mbele yenu. Na wewe mwenye tarehe wiki hii ambaye hukuambiwa lolote, usisubiri siku ifike. Piga simu kliniki leo, au mtume mtu akakuulizie.